Juu ya Kuandika Majibu ya Funksheni kwa Kiswahili: Mifano ya Orodha za Maneno za Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza jambo moja dogo la uandishi ambalo limekwisha kuingia katika kazi ya kila mtu anayekusanya maneno ya lugha zetu, ingawa wengi wetu hatukufundishwa lolote juu yake. Orodha za maneno, ambazo zamani ziliwekwa katika kadi na madaftari, siku hizi huwekwa katika kompyuta. Na pamoja nazo huandamana programu fupi za kutafuta, kupanga na kulinganisha. Aghalabu programu hizo huandikwa na wanaisimu wenyewe au na wanafunzi wao. Ndani yake, juu ya kila sehemu, mwandishi huacha mistari michache isiyosomwa na mashine, ambayo humweleza msomaji wa baadaye kwamba sehemu hiyo yafanya kazi gani na yatoa jibu gani. Nataka kusema juu ya mistari inayoeleza jibu: iandikwe kwa Kiswahili cha namna gani, na kwa mpango gani, ili isimpotoshe msomaji.

Sehemu hiyo ya programu nitaiita funksheni, kwa kuwa sijaona neno jingine lililokubaliwa na wengi. Funksheni huletewa kitu kimoja au zaidi, hukifanyia kazi, kisha huikabidhi sehemu iliyoiita matokeo ya kazi hiyo. Matokeo hayo ndiyo ninayoyaita jibu. Mistari ya kueleza nitaiita maelezo, na programu kama ilivyoandikwa na mtu nitaiita msimbo.

Mifano yangu naitoa katika kazi ya kulinganisha maneno ya lugha za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, yaani Kimatengo cha milimani, na Kimanda, Kimpoto na Kinyanja cha ufukoni. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, lugha hizi ziko karibu vya kutosha kuweza kulinganishwa na programu moja: Guthrie, katika mpango wake wa mwaka 1948, aliweka Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto katika kundi moja, na mpaka leo twaziita N11, N12, N13 na N14, na Kinyanja N31a. Pili, majina yenyewe ya lugha hizi na ya mahali zinaposemwa huleta matatizo ambayo programu haiwezi kuyakwepa, na kwa hiyo maelezo yake hayana budi kuyasema wazi.

Wenzetu wa kompyuta wamekwisha kujiwekea kanuni, na yafaa tuzitazame kabla ya kutunga zetu. Katika lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995, maelezo huandikwa juu ya funksheni, na jibu hupewa mstari wake unaoanza na alama ya @return. Mwongozo wa waundaji wake wasema kwamba kitenzi cha maelezo kiwe katika nafsi ya tatu, kama mtu anayesimulia kazi ya mwingine. Katika lugha ya Python, mapatano yaliyoandikwa mwaka 2001 na kujulikana kama PEP 257 yasema kinyume chake: kitenzi kiwe cha kuamuru, wala kisiwe cha kusimulia. Wanahesabu wanaotumia maktaba ya NumPy hutenga sehemu nzima ya jibu chini ya kichwa kilichopigiwa mstari, wakitaja kwanza aina ya kitu, kisha maana yake katika mstari wa chini ulioingizwa ndani. Watu wa Google nao huweka kichwa na nuktambili, na huruhusu kuamuru au kusimulia, mradi faili moja lisichanganye.

Kwa Mwingereza hitilafu hii kati ya kuamuru na kusimulia ni suala la herufi moja mwishoni mwa kitenzi. Kwetu sivyo. Kiswahili humlazimisha mwandishi achague nafsi, ngeli na hali, na kila chaguo hubeba maana yake. Kwa hiyo kuzifuata kanuni hizo neno kwa neno ni kujitafutia taabu.

Tuanze na kuamuru. Mtu akiandika “Tafuta shina la neno”, msomaji hajui ni nani anayeamriwa. Katika vitabu vyetu vya shule amri ya namna hiyo huelekezwa kwa mwanafunzi: tafuta, hesabu, andika. Mwanafunzi wa isimu anayefungua msimbo kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba ni yeye anayetakiwa kulitafuta shina hilo kabla ya kuendelea. Hali ya -na-, kwa mfano “inatafuta”, yadai ngeli. Na hapo mwandishi mmoja atasema “inatafuta” akifikiria funksheni, mwingine “kinatafuta” akifikiria kitendaji, neno ambalo wengine hulipendelea, na faili moja litakuwa na ngeli mbili za kitu kile kile. Hali ya -a-, “yatafuta”, ni fupi na nzuri, lakini nayo yadai ngeli vilevile.

Imebaki hu-. Kiambishi hiki hakichukui nafsi wala ngeli, wala hakitaji wakati. Chasema tu kwamba ndiyo desturi ya kitu hicho. Na desturi hasa ndiyo inayoelezwa: funksheni hutenda vilevile kila inapoitwa. “Hutafuta shina la neno” ni sentensi kamili isiyohitaji kutaja mtendaji. Kwa maoni yangu, mstari wa kwanza wa maelezo, ule unaotaja kazi, uandikwe kwa hu- siku zote.

Lakini hu- ina kasoro mbili ambazo lazima zitajwe. Ya kwanza ni kwamba haina ukanushi wake yenyewe. Kinyume cha “hutafuta” ni “haitafuti” au “hakitafuti”, na hapo ngeli tuliyoifukuza mlangoni hurudi kwa dirishani. Ya pili ni ya maandishi. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadili irabu ya mwisho katika ukanushi, na kwa sababu hiyo “huhesabu” ni ama “desturi yake ni kuhesabu” ama “wewe huhesabu”, yaani hufanyi hesabu. Vivyo hivyo “hujibu” na “hubadili”. Katika usemi, muktadha huondoa shaka hiyo mara moja. Katika msimbo, ambamo sentensi husimama peke yake, shaka hubaki kwa muda, na nimemwona mwanafunzi mmoja aliyesoma “Hubadili tahajia ya asili” kama ahadi kwamba tahajia haitaguswa. Si kosa kubwa la kuiacha hu-, ila mwandishi achague kitenzi kingine pale anapoweza.

Sasa tufike kwenye jibu lenyewe, ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Mazoea yanayoenea ni kuandika “Hurudisha” mwanzoni mwa mstari wa jibu, kwa kufuata Kiingereza. Sikubaliani nayo. Kurudisha kwa Kiswahili ni kukifanya kitu kirudi kilikotoka: mtu hurudisha kitabu alichoazima. Funksheni iliyoletewa neno na kukabidhi namba ya ngeli hairudishi chochote, kwa kuwa namba hiyo haikutoka kwa aliyeuliza. Tena, katika kazi ya orodha mna funksheni ambazo hurudisha kwa maana ya kweli: mathalan ile inayorejesha neno lililofutwa kwa bahati mbaya. Tukilitumia neno moja kwa mambo yote mawili, msomaji atalazimika kubahatisha.

Wengine hutumia “hutoa”. Hili lina sura ya Kiswahili zaidi, lakini katika taaluma yetu lina hatari kubwa kuliko la kwanza. Kutoa ni kukabidhi, na kutoa ni kuondoa; watoto wote husoma hesabu za kutoa. Basi maelezo yakisema “Hutoa kiambishi cha jina”, je, funksheni ikiletewa mtu itakabidhi m-, au itakiondoa kiambishi na kubakiza -tu? Katika kazi ya kulinganisha lugha za kibantu twahitaji funksheni zote mbili, tena aghalabu katika faili moja. Neno la Kimatengo ntambo, linalotaja mgongo wa mlima pamoja na mabonde yanayoupakana, ambao ndio msingi wa mpango wa mashamba ya ngoro, laweza kuingia katika programu na kutoka kama n- au kama -tambo, na maelezo yale yale yakawa kweli kwa matokeo yote mawili.

Pendekezo langu ni kwamba mstari wa jibu usiwe na kitenzi kikuu kabisa. Uanze na neno Jibu, nuktambili, kisha jina la kitu kinachokabidhiwa pamoja na vivumishi vyake. Kwa mfano:

Hutenganisha kiambishi cha jina na shina lake.
Jibu: kiambishi cha jina lililoletwa, bila shina.

Mpango huu haupendezi macho tu. Unaiachia sarufi yetu ifanye kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya. Katika “kiambishi cha jina lililoletwa”, silabi -li- yasema kwamba kilicholetwa ni jina. Tungeandika “kilicholetwa”, ingekuwa ni kiambishi. Kirejeshi hufuata ngeli, na ngeli humwongoza msomaji kwenye neno linalohusika. Naam, mara nyingine bahati haitusaidii: “shina la neno lililoletwa” lina mashaka, maana shina na neno ni wa ngeli moja, na “kiambishi cha kitenzi kilicholetwa” vivyo hivyo. Hapo yafaa kuvunja fungu hilo na kusema “shina, latokana na neno lililoletwa”. Ni bora mstari uwe mrefu kidogo kuliko uwe na maana mbili.

Baada ya jina la kitu, itajwe idadi. Jambo hili hupuuzwa sana. Funksheni inayokisia ngeli kwa kutazama kiambishi haiwezi kukabidhi ngeli moja: m- ya mtu ni ya ngeli ya 1 na m- ya mto ni ya 3. Usipa, jina la samaki mdogo maarufu wa ziwa, kwa umbo lake laonekana kuwa na u-, ambayo ni ya ngeli ya 11 au ya 14, na wataalamu wa Kiswahili wenyewe huziunganisha ngeli hizo mbili. Kwa hiyo jibu ni “orodha ya ngeli zinazowezekana”, na yafaa kusema kama orodha hiyo yaweza kuwa tupu, na kama imepangwa kwa utaratibu wowote. Tangu mwaka 2015 Python ina njia rasmi ya kutaja aina ya jibu katika msimbo wenyewe, yaani kama ni namba, orodha au mfuatano wa herufi. Pale njia hiyo inapotumika, maelezo hayana haja ya kuirudia. Lakini aina ya kitu haisemi maana yake.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni jibu la kutokuwapo.

Tuseme tuna funksheni inayoletewa jina la lugha na wazo, na inayokabidhi neno la lugha hiyo. Tunaiuliza jina la Kimpoto la mti fulani, nayo inakabidhi tupu, yaani alama ya Python isemayo kwamba hakuna thamani. Maana yake nini? Huenda wasemaji waliulizwa wakasema kwamba hawana neno lao na kwamba hutumia la Kiswahili. Huenda hawakuulizwa. Huenda waliulizwa, wakajibu, na sauti iliyorekodiwa haikusikika kwa ajili ya upepo wa ziwani. Huenda jina la lugha liliandikwa vibaya. Katika Python hata njia ya kawaida ya kutafuta katika kamusi ya ndani, ile iitwayo get, hukabidhi alama ile ile kama neno halimo na kama limo lakini limehifadhiwa likiwa tupu. Mashine imekwisha kuyachanganya mambo yale kabla mwandishi hajafungua kinywa. Maelezo yakiongeza “Tupu kama halipo”, hayajaongeza kitu.

Kiswahili kinacho chombo cha kutenganisha mambo haya, tena chombo cha kila siku. “Halikupatikana” ni habari ya tendo lililokwisha: tulitafuta, tukakosa. “Halijapatikana” ni habari ya tendo linalongojewa: kazi haijaisha. Tofauti ya -ku- na -ja- huijua kila mtoto anayeulizwa kama amekula. Katika orodha ya maneno, tofauti hiyo ndiyo inayotenga dai juu ya lugha na dai juu ya safari ya mkusanyaji. Kwa hiyo napendekeza maelezo ya namna hii:

Hutafuta neno la lugha moja kwa wazo moja.
Jibu: neno kama lilivyotamkwa na msemaji;
“halikupatikana” ikiwa wasemaji waliulizwa na hawakuwa na neno;
“halijaulizwa” ikiwa wazo hilo halikuwamo katika maswali ya mahali hapo;
“halikusikika” ikiwa jibu lilirekodiwa lakini haliwezi kuandikwa.
Lugha isiyojulikana: funksheni husimama na kutaja kosa.

Mtu atauliza kama haya si kuzidisha. Napenda ayafikirie pamoja na hali ya Kimatengo. Nobuko Yoneda, ambaye msamiati wake wa Kimatengo ulichapishwa mwaka 2006, aliandika mwaka 2010 juu ya jinsi lugha hiyo inavyopokea Kiswahili ndani yake. Suala hilo ni zito, na atakayetaka kulipima tena baada ya miaka kumi au ishirini atahesabu ni mawazo mangapi ambayo kwayo msemaji alitoa neno la Kiswahili. Sasa, katika programu moja niliyopewa kuipitia nilikuta funksheni iliyoandikwa kwa nia njema, ambayo kila ilipokosa neno ilijaza neno la Kiswahili lililotumiwa katika swali, ili jedwali lisiwe na mapengo. Maelezo yake yalisema tu kwamba hukabidhi neno. Jedwali hilo lingepelekwa kwa mtafiti mwingine, angehesabu kila swali lisiloulizwa kuwa ni mkopo kutoka Kiswahili, na angetangaza kwamba lugha inakufa kwa ushahidi ambao haukutoka katika kinywa cha msemaji yeyote. Mashine haikukosea hata kidogo. Kilichokosekana ni mstari mmoja: “neno la swali, ikiwa neno la lugha halijaulizwa”.

Nimesema “husimama na kutaja kosa” kwa makusudi. Waandishi wa msimbo husema kwamba funksheni “hutupa” kosa, nao wanatafsiri Kiingereza. Kwa Kiswahili kilichotupwa kimeachwa. Msomaji atafahamu kwamba kosa limepuuzwa na kazi inaendelea, kumbe ni kinyume chake.

Kwa funksheni ambazo hazina jibu lolote, kama ile inayoandika tu katika faili, mwongozo wa Java washauri mstari wa jibu uachwe. Mimi naona katika kazi yetu uandikwe: “Jibu: hakuna”. Kunyamaza kwaweza kuwa na maana kwamba hakuna jibu, na kwaweza kuwa na maana kwamba mwandishi alisahau, na tumekwisha kuona hasara ya kimya cha namna hiyo. Neno hakuna hapa ni zuri kuliko “haitoi kitu”, kwa sababu halidai ngeli ya mtendaji.

Liko pia suala la wakati. Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, iligawanywa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Atlasi ya lugha iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikusanya habari zake kabla ya mgawanyiko huo. Basi funksheni ikiletewa jina la Liuli na kuulizwa wilaya, “Mbinga” na “Nyasa” yote mawili ni majibu sahihi, kila moja kwa mwaka wake. Na yule anayelinganisha takwimu za zamani na za sasa atashangaa kuona wasemaji wa Kimpoto wamehama Mbinga kwa siku moja. “Jibu: jina la wilaya” halitoshi. “Jibu: jina la wilaya kama ilivyokuwa mwaka wa kurekodi” latosha. Hali ya -li- na -vyo- katika Kiswahili hulibeba jambo hili bila kelele.

Na kuhusu majina ya lugha, Kinyasa peke yake chatosha kuwa mfano. Jina hilo hutumiwa kwa Kimpoto, na hutumiwa kwa Kimanda, kwa kadiri ya anayesema na kijiji anachotoka. Funksheni inayogeuza jina la lugha kuwa alama ya herufi tatu ya orodha ya kimataifa itakabidhi mpa kwa Kimpoto, mgs kwa Kimanda na mgv kwa Kimatengo bila taabu. Kwa Kinyasa isithubutu kuchagua. Maelezo yaseme: “Jibu: orodha ya alama zote ambazo jina hilo huzihusu; anayeuliza ndiye achague”.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa programu za ofisi zilizovishwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice. Kilichotafsiriwa kilikuwa maneno ya kwenye kioo, ambayo mtumiaji huyaona. Maelezo ya ndani yalibaki kwa Kiingereza, na ilikuwa sawa, kwani wasomaji wake walikuwa duniani kote. Msimbo wa orodha zetu una wasomaji wengine. Atakayeufungua kesho aweza kuwa mwalimu wa sekondari wa Mbinga anayetaka kujua neno la bibi yake limehifadhiwa vipi, naye hana budi kuelewa mstari wa jibu kwa lugha anayofikiria.

Kuhusu mpangilio wa macho, sina mengi. Mstari wa kazi uwe mmoja, uishie kwa nukta. Mstari wa jibu uanze mahali pale pale katika kila funksheni, ili jicho lilizoee neno Jibu kama lilivyozoea vidahizo vya kamusi. Masharti yaingizwe ndani, kila moja katika mstari wake, yakianza na kile kinachokabidhiwa, kisha “ikiwa”. Mifano miwili au mitatu ya kweli iwekwe chini, na mmoja wapo uwe wa neno ambalo halijaulizwa.